Mbona Anakimbilia Ghorofani?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi na wenzangu hapa hosteli tunapenda muvi za muuaji mwenye kinyago, ila zinafanana mno. Simu haishiki, taa zinazimika, wapenda starehe wanachinjwa mapema, msichana mpole ndiye anabaki mpaka mwisho. Na lazima mtu akimbilie ghorofani badala ya kutoka nje! Rafiki yangu anadai Scream ya 1996 ilivunja kanuni zote hizo. Mimi nimeiangalia, naona watu wanakufa vilevile. Nani yuko sahihi?
*Mwanafunzi, Morogoro*

JIBU: Marahaba mwanangu. Wewe uko karibu zaidi na ukweli. Wes Craven, mwongozaji wa Scream, hakuzitupa kanuni. Alizishika barabara, kisha akatutega sisi tunaozijua.

Chukua hizo ngazi zinazokuudhi. Sidney, msichana mkuu wa filamu hiyo, anaongea na muuaji kwenye simu, akidhani ni rafiki anamtania. Anaulizwa kwa nini hapendi filamu za kutisha. Anajibu kwamba zote ni zilezile: muuaji mjinga anamwinda msichana asiyejua kuigiza, ambaye hupanda ngazi wakati angetoka kwa mlango wa mbele. Maneno yako kabisa! Punde muuaji yumo ndani ya nyumba. Sidney anauvamia mlango wa mbele, na mlango unakwama kwenye mnyororo aliofunga mwenyewe ili awe salama. Angeenda wapi tena? Anapanda ngazi. Huko juu anafungua mlango wa kabati ukaubana ule wa chumba, jambo tulilokwisha kuliona mapema baba yake aliposhindwa kuingia, kisha anawaandikia polisi kwa kompyuta. Kanuni imetimia, ila ule ujinga uliokuwa unatukera haumo. Mimi tukio hilo nalipenda kuliko hata mwanzo wa filamu, ambao ndio unaosifiwa na kila mtu.

Na huo mwanzo nao ni mtego. Sisi tuliolelewa na mikanda ya video tunajua steringi hafi. Drew Barrymore alikuwa jina kubwa, na sura yake ilijaa kwenye bango. Robo saa haijatimia, ameshauawa. Alfred Hitchcock alifanya hivyo mwaka 1960 katika Psycho: Janet Leigh akauawa bafuni filamu haijafika hata nusu, na Hitchcock akaagiza watu wasiruhusiwe kuingia sinema wakichelewa.

Binti wa Janet Leigh, Jamie Lee Curtis, ndiye yule msichana mpole wa Halloween, 1978. Filamu hiyo ya John Carpenter iligharimu kama dola 300,000 tu, na kinyago cha muuaji ni sura ya dukani ya Kapteni Kirk wa Star Trek iliyopakwa rangi nyeupe. Ilipoleta mamilioni, watayarishaji wengine wakaiga: waigizaji wasiojulikana, mahali pamoja, usiku, kisu. Mengi unayoyaita kanuni yalishika mizizi hapo, kwa sababu yalikuwa rahisi kulipia.

Lakini walioiga walichukua ganda. Wengi wakaona Laurie, huyo msichana mpole wa Halloween, anapona kwa kuwa hana mpenzi, wakaifanya sheria. Carpenter mwenyewe alikana kwamba alikuwa anawaadhibu wale wengine. Iangalie tena: Laurie ndiye anayeangalia. Anamwona mtu nje ya dirisha la darasa, anamwona kando ya uzio, wenzake wana yao. Sidney wa Scream analala na mpenzi wake na bado anapona, na hapo ndipo rafiki yako anapopata pointi yake. Anapona kwa akili na ukaidi, kama Laurie.

Kwa hiyo ukikuta filamu inajigamba imevunja kanuni, usihesabu maiti. Tazama kama yule anayekimbia ana sababu ya kukimbilia anakokwenda.

SWALI: Dada, tumebishana sana kijiweni. Muuaji wa Friday the 13th ile ya kwanza si Jason? Wapo wanaosema ni mama yake.
*Mbishi, Mombasa*

JIBU: Ni mama yake, Bi Pamela Voorhees, anayelipiza kisasi kwa mwanawe aliyeaminiwa kuzama ziwani. Hiyo ni ya 1980. Jason anashika kazi katika ya pili, 1981, akiwa amejifunika gunia kichwani, na kinyago cha hoki anakipata katika ya tatu, 1982. Msione haya kukosea: swali hilohilo ndilo muuaji wa Scream anamuuliza Drew Barrymore kwenye simu. Naye anajibu Jason, kwa uhakika kabisa, na mpenzi wake aliyefungwa kwenye kiti huko nje anauawa kwa jibu hilo.