Lenzi ya haraka, ya kasi au nyepesi?

SWALI: Mwalimu, asalaam alaykum. Mimi na mwenzangu hapa Wete tuna darubini ya inchi 8, na sasa tumepata ile lenzi ya HyperStar inayofungwa mbele yake kwa ajili ya picha za nyota. Kwa Kiingereza huitwa "fast wide-field lens attachment", na hiyo "fast" maana yake ni kwamba picha inapatikana kwa muda mfupi. Katika maelezo ya picha zetu mimi huandika "kiambatisho cha lenzi ya haraka chenye uwanja pana". Mwenzangu ananicheka, anasema hicho si Kiswahili. Nani kapatia? Na je, tujiite wanajimu?

JIBU: Waalaykum salaam. Mwenzako kapatia, ingawa kukucheka bila ya kukwambia kosa liko wapi si uungwana.

Tuanze na "haraka". Kitu tukikiita "cha haraka", tunasema kimefanywa mbiombio au kinatakiwa upesi: kikao cha haraka, harusi ya haraka, chai ya haraka. Kwa hiyo lenzi ya haraka, kwa sikio la Mpemba, ni lenzi ambayo fundi wake alikuwa na safari. "Kasi" nayo tumeizowea kwa vyombo; boti zinazotuvusha baina ya Unguja na Dar es Salaam tunaziita boti ziendazo kasi. Lenzi haiendi popote, na nyinyi mngeomba itulie kabisa. "Lenzi yenye kasi" inavumilika, maana watu wameshazowea kusema "intaneti yenye kasi", wala nisingeifuta katika maandishi ya mtu. Lakini tunalo neno zuri zaidi, na kulifikia inabidi kwanza tutazame kile kifaa kinafanya nini hasa.

Darubini yenu, kama ni Schmidt-Cassegrain (aina yenye kioo kikubwa nyuma na kidogo mbele) ya kawaida ya kampuni ya Celestron, ina kipenyo cha milimita 203 na urefu wa fokasi, yaani masafa ambayo mwanga unakwenda mpaka ukutane kufanya picha, wa milimita 2032. Gawanya, unapata 10, na hiyo ndiyo f/10 iliyoandikwa ubavuni mwake. Mnapotaka kupiga picha mnakitoa kile kioo kidogo cha mbele, mnaiweka lenzi pahala pake, kisha kamera inakaa mdomoni mwa darubini. Fokasi inashuka mpaka milimita 400 hivi, na f/10 inakuwa f/2. (Itamkeni vizuri hiyo "efu mbili", muuzaji asije akasikia "elfu mbili".)

Angalia kilichobadilika. Kipenyo ni kilekile, kioo kikubwa ni kilekile, na mwanga uliovunwa ni uleule. Ndiyo maana sikubaliani na wapiga picha wanaopendekeza "lenzi yenye mwanya mkubwa", yaani tundu kubwa la kupitishia mwanga. Kwenye kamera za kawaida neno hilo lina mashiko. Hapa linadanganya, maana mwanya haukuongezeka hata kwa unywele. Kilichopungua ni eneo ambalo ule mwanga unamwagwa. Ndoo moja ya maji ukiimimina katika sinia pana unapata kina cha ukucha, na ukiimimina katika chombo chembamba maji yanapanda. Kwa galaksi na mawingu ya gesi hesabu yake ni 10 kugawa kwa 2, kisha jibu lizidishwe kwa lenyewe: 25. Picha iliyokuwa ikitaka dakika 5 inatosheka na sekunde 12. Nyota moja moja hazifuati hesabu hiyo sawasawa, kwa sababu nukta haina eneo la kutandazwa.

Basi Kiswahili tangu zamani kina namna ya kukitaja kitu kisichokawia kutoa matokeo. Mtoto anayeelewa upesi ni mwepesi wa kushika. Kuna mwepesi wa kulia na mwepesi wa kusahau. Kinyume chake ni mzito: mzito wa kuelewa, mzito wa kuamka. Mimi ningesema "lenzi nyepesi ya kutoa picha", na ile f/10 ningeiita nzito. Wengine watapenda "nyepesi ya kushika mwanga", ambayo inapendeza masikioni, lakini tumeshaona kwamba mwanga ulioshikwa haukuzidi. Tahadhari moja tu: msiseme "lenzi nyepesi" mkakomea hapo, msomaji atafikiria mizani.

Juu ya "pana", kosa lako ni la upatanisho. Uwanja ni mpana, eneo ni pana. Ningechagua eneo, kwa kuwa ukitaja uwanja akili za watu zinakwenda Amaan au Gombani. Na sifa hiyo ni ya anga inayoingia katika picha. Kilimia, lile kundi la nyota, kwa mfano, kinachukua kama digrii 2 za anga, sawa na miezi mipevu minne iliyopangwa mstari mmoja. Kwa fokasi ya milimita 2032, kamera yenye kihisi (kile kibao cha ndani kinachopokea mwanga) cha upana wa milimita 23 hivi inaona kasoro ya digrii moja, kwa hiyo Kilimia kinakatwa. Kwa milimita 400 inaona zaidi ya digrii 3, na Kilimia kinaingia chote na nafasi inabaki.

"Kiambatisho" waachieni makarani. Hicho ni waraka unaofuatana na barua. Lenzi yenu inachukua nafasi ya kioo kilichotolewa, na kitendo hicho ni kupachika. Semeni "lenzi ya kupachika", kama kitanda cha kukunja. Msiseme "ya kupachikia", kwani hapo lenzi itakuwa ndiyo chombo cha kupachika kitu kingine. Kwa darubini mambo ni kinyume: hiyo mnaitumia kufanyia kazi, kama kisu cha kukatia, kwa hiyo ni "darubini ya kupigia picha".

Wanajimu? Mimi nisingethubutu. Elimu ya nyota huku kwetu ni falaki na mwenye elimu hiyo ni mwanafalaki. Unajimu baadhi ya vitabu vya skuli wanautumia kwa maana hiyohiyo, lakini jiiteni wanajimu hapo Wete na kabla ya Ijumaa mtagongewa mlango na mtu anayetaka kujua siku njema ya kusafiri. "Wapiga picha za nyota" inatosha.