Magonjwa hayapelekewi kitu

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninaandika makala kuhusu namna bakteria wanavyotuambukiza, na nina sentensi hii: "Protini zilizopakwa sukari kwenye uso wa bakteria hawa hupelekea magonjwa." Mwenzangu ameisahihisha, anasema lazima niandike "bakteria hizi". Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba. Uko sahihi wewe. Bakteria ni kiumbe hai, na kiumbe hai hufuata upatanisho wa A-WA hata jina lake likiwa na sura ya ngeli nyingine. Ndiyo maana tunasema kiboko yule, si kiboko kile. Asili ya neno ni Kigiriki, lina maana ya kijiti, kwa kuwa wa kwanza kupewa jina hilo walikuwa na umbo la kijiti. Wanaosema "bakteria hizi" nimechoka kugombana nao. Ni wengi, na wanaeleweka.

Swali lako limeishia hapo. Hasira yangu inaanzia neno ambalo wewe na mwenzako mmelipita kama hamkuliona: "hupelekea".

Kupelekea ni kumfikishia mtu kitu. Mpelekee bibi dawa zake. Hapo yupo anayepeleka, yupo anayepelekewa, na kipo kinachopelekwa. Sasa tuichambue sentensi yako kwa sarufi hiyohiyo. Wanaopeleka ni protini, sawa. Wanaopelekewa ni magonjwa! Mzigo wenyewe hauonekani. Umeandika, bila kukusudia, kwamba protini ni matarishi na magonjwa yamekaa mlangoni yanasubiri kifurushi.

Hauko peke yako. Siku hizi mvua hupelekea mafuriko, uzembe hupelekea ajali, na ajali nazo hupelekea vifo. Ukiwauliza waandishi, watakwambia ndivyo Kiingereza kinavyosema. Kiseme. Sisi tuna kusababisha, kuleta, kuzaa, kuchochea, kuchangia, na kila kimoja kina uzito wake. Mtu akisema "njaa ilimpelekea kuiba" nitafumba jicho moja, maana angalau yupo aliyepelekwa mahali. Lakini protini na magonjwa? Hapana.

Tena katika sayansi kosa hili si la masikio tu. Kitenzi hiki humruhusu mwandishi kuruka kazi yote iliyofanyika kati ya chanzo na matokeo, na katika habari yako kazi hiyo ndiyo utamu wenyewe. Mchukue Campylobacter jejuni, bakteria anayeharisha watu duniani kote. Mwaka 1999 watafiti walionyesha kwamba ana mfumo mzima wa kuunga sukari kwenye protini zake nyingi, kazi ambayo kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa ya seli zenye kiini, kama zetu. Anaunda mnyororo wa sukari 7, kisha kimeng'enya huufunga mzima mzima kwenye protini. Jeni za mfumo huo zikiharibiwa, bakteria hunata kwa shida kwenye seli za utumbo, huziingia kwa shida, na hata ndani ya vifaranga hashiki makao vizuri. Sukari hizo pia huzikinga protini zisikatwekatwe na vimeng'enya vya utumboni. Na flajela, ule mkia anaoogelea nao kwenye ute, ina sukari za aina nyingine. Akizikosa, mkia haujengeki, naye haogelei.

Hesabu vitenzi nilivyotumia: kunata, kuingia, kushika makao, kukinga, kuogelea. Vyote vilikuwepo kabla ya darubini. Bakteria mwingine, Haemophilus influenzae, naye ana protini ya kunatia ambayo, ikikosa sukari zake, huvunjika au huachia uso wa bakteria ikapotea. Kuvunjika, kuachia, kupotea. Bado sijahitaji kupelekea.

Kwa kuwa nimeshakasirika, nimalizie na "zilizopakwa". Kupaka ni kazi ya rangi na ukuta, na rangi hubanduka. Sukari hizi zimefungwa kikemia kwenye amino asidi za protini, hazikwanguliki. Andika "protini zilizoungwa sukari" au "protini zenye sukari". Ukipenda glikoprotini, sina ugomvi, ila lieleze mara ya kwanza unapolitaja.

Sentensi yako basi iwe hivi: "Protini zenye sukari kwenye uso wa bakteria hawa huwasaidia kunata kwenye seli zetu na kuziingia, na hivyo kusababisha magonjwa." Ni ndefu kuliko ya kwanza, najua, na mhariri wako huenda akataka kuikata. Akirudisha "hupelekea", mpelekee jibu hili.