Vasektomi: usiruke kipimo cha mwisho

Wanaume wanaoniuliza kuhusu vasektomi, yaani kukata na kufunga mirija ya mbegu za kiume, huanza na swali lile lile: mambo ya chumbani yanabaki vile vile? Yanabaki. Homoni za kiume husafiri kwa damu, hazipiti kwenye mirija inayokatwa. Hata majimaji hutaona yamepungua, maana mbegu ni sehemu ndogo sana. Mengi hutoka kwenye tezi dume na vifuko vya shahawa. Anayekuambia umehasiwa, mwache na baraza lake.

Shughuli yenyewe kwa kawaida haizidi nusu saa. Unapigwa sindano ya ganzi, ngozi ya pumbu inatobolewa kidogo, mrija unavutwa, unakatwa na kufungwa, kisha wa pili. Njia hii isiyotumia kisu ilibuniwa China na daktari Li Shunqiang mwaka 1974. Nilichosikia mimi ni kuvutwavutwa chini ya tumbo. Nilirudi nyumbani kwa teksi (bodaboda sikuthubutu, nawe usithubutu), nikavaa chupi ya kubana na kujikanda kwa barafu iliyofungwa kitambaani. Magunia na mitungi ya gesi waachie wengine wiki nzima. Ukiona homa, usaha au uvimbe unaozidi, rudi hospitali.

Wengi hujikwaa baada ya hapo. Mbegu zilizokwisha kupita pale palipokatwa bado zimo, na zinatunga mimba. Kwa hiyo kwa miezi mitatu hivi endeleeni na kondomu au njia aliyokuwa akitumia mkeo, kisha peleka shahawa maabara zikaangaliwe kwa hadubini kama bado zina mbegu. Kukabidhi kile kikopo kuna aibu yake, sikatai. Lakini fikiria mkeo akishika mimba katika kipindi hicho: ukoo mzima utamnyooshea yeye kidole, kumbe mbegu ni zako. Na hata baada ya majibu mazuri, mara chache sana mirija huungana yenyewe.

Ukimwi na magonjwa ya zinaa vasektomi haizuii, hapo kondomu bado unaihitaji. Kuunganisha mirija upya kunawezekana, ila ni ghali na hakuna uhakika wa mtoto. Mimi na mama watoto tulikuwa tumemaliza kuzaa. Kama wewe moyoni bado una “labda”, ahirisha.

Kabla ya kulipa, uliza kama kipimo cha shahawa kimo ndani ya bei uliyotajiwa na kinafanyika wapi.