Kasi kukwama Mbps 100 (megabiti 100 kwa sekunde): kagua kebo ya mtandao
Mkuu, kama ruta na kadi ya mtandao zote ni za Mbps 1000 lakini kompyuta inasoma 100, tatizo mara nyingi ni kebo. Kasi ya 100 hutumia nyaya nne tu za kebo, zile za pini (vijino vya chuma kwenye kichwa cha kebo) 1, 2, 3 na 6. Ya 1000 inataka zote nane. Mmoja wa zile nne nyingine ukikatika, vifaa vinashuka kimyakimya hadi 100. Mulika kichwa cha kebo kwa tochi: huenda ukakuta waya wa bluu au wa kahawia haujafika mwisho. Kata kichwa hicho, bana kingine kipya. Huku Kirumba, Mwanza, karibu na Ziwa Victoria, angalia na kutu ya kijani kwenye pini. Kebo za alumini iliyopakwa shaba hukatika ovyo, achana nazo. Ila hakikisha tundu la ruta unalotumia si la 100.