Kabla ya kuzalisha samaki klauni, jifunze kufuga chakula cha vifaranga wao

Anayeanza kuzalisha samaki klauni katika tangi la nyumbani kwa kawaida huanza na samaki wenyewe: hutafuta wawili, huwaweka pamoja, husubiri mayai kwa hamu, na usiku mayai yanapoanguliwa ndipo anapogundua kwamba hana chakula kinachoweza kuingia katika vinywa vya vifaranga. Nami nilianza hivyo hivyo, na makundi yangu matatu ya kwanza yalikwisha yote kabla ya siku ya tano. Kwa sababu hiyo ninamshauri mgeni wa kazi hii ageuze mpangilio, yaani ajifunze kufuga chakula cha vifaranga wakati jozi yake bado inakua, kwa maana jozi ikishaanza kutaga haitamngoja.

Hata hivyo, ni lazima nianze na jozi, kwa kuwa ndiyo inayompa muda huo wa kujifunza. Hakuna samaki klauni anayezaliwa jike. Katika kundi, yule mkubwa na mwenye nguvu kuliko wote hugeuka kuwa jike, anayemfuata huwa dume wake, na waliobaki hudumaa bila kuzaa. Jike akifa, dume hushika nafasi yake kwa kugeuka jike, na mmoja wa wale wadogo hukomaa kuwa dume. Badiliko hilo huenda upande mmoja tu, na jike harudi tena kuwa dume. Ndiyo maana kuwaweka pamoja majike wawili waliokomaa ni kuwatia vitani, na mara nyingi mmoja hufa. Njia iliyo salama ni kuchukua samaki wawili wachanga wa spishi moja, mmoja akimzidi mwenzake kwa kiasi kinachoonekana kwa macho, na kuwaingiza katika tangi siku moja. Kwa mwanzo ninapendekeza Amphiprion ocellaris, kwa kuwa ni mpole na mvumilivu kuliko wengi wa jamii yake. Mdogo akijilaza kidogo ubavu na kutetemeka mwili mzima mbele ya mkubwa, usidhani ni mgonjwa: anakiri unyonge, na hiyo ndiyo dalili ya kwanza kwamba wamekubaliana. Ukiona mapezi yaliyoraruka na mmoja amejificha pembeni bila kula, watenganishe mara moja.

Tangi la lita 80 hadi 100 linawatosha wawili, nao wasichanganywe na samaki wengine. Chumvi iwe gramu 33 hadi 35 kwa kila kilo ya maji, joto nyuzi 26 au 27 za Selsiasi, na amonia na nitriti, yaani sumu zinazotokana na uchafu wa samaki, zisionekane kabisa katika kipimo. Hali hiyo hupatikana baada ya tangi kukaa wiki kadhaa ili bakteria wa kusafisha maji waote kwanza. Wengi huuliza kuhusu anemoni, mnyama wa baharini mwenye minyiri mingi anayejishikiza kwenye mwamba. Baharini samaki hawa huishi ndani yake, lakini katika tangi la uzazi haihitajiki, na kwa kuwa inadai mwanga mkali na maji yaliyokwisha kutulia kwa muda mrefu, ninaona ni heri mgeni asijitwishe mzigo huo. Chungu cha udongo kilicholazwa ubavu kinatosha kuwa nyumba na kiota. Walishe kidogo kidogo mara mbili au tatu kwa siku, kamba waliokatwakatwa wakiwamo, kisha uwe na subira, kwa maana wachanga huweza kuchukua mwaka mzima au zaidi kabla ya kutaga.

Mwaka huo ndio wa kufuga rotifa. Hawa ni wadudu wa majini wadogo mno, wenye urefu wa sehemu ya kumi hadi sehemu tatu za kumi za milimita, nao ndio chakula cha kwanza ambacho kifaranga wa samaki klauni anaweza kukikamata na kukimeza. Wafuge katika ndoo mbili na si moja, kwa kuwa ndoo moja inaweza kufa usiku bila dalili yoyote, na aliyeweka akiba yake yote humo hukosa kila kitu siku ile ile anayoihitaji. Maji yawe na chumvi pungufu kuliko ya samaki, gramu 20 hadi 25 kwa kilo, hewa ipulizwe taratibu, na mwani wa kijani aina ya Nannochloropsis uongezwe kila maji yanapoanza kupoteza rangi ya kijani. Kila siku vuna robo ya maji kwa kitambaa chenye matundu ya maikroni 50 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), urudishe maji mapya. Rotifa wanaolishwa hamira peke yake huongezeka vizuri, na hapo ndipo wengi hudanganyika: hamira haina asidi za mafuta ambazo vifaranga wanazihitaji, nao hula, hushiba, kisha hufa kwa wingi siku ya nane au ya tisa, mfugaji akilaumu maji.

Siku za kutaga zikikaribia, dume husugua kwa mdomo mahali atakapochagua, na tumbo la jike hujaa. Mayai huwa ya rangi ya chungwa, kisha huwa meusi, na mwishowe macho ya rangi ya fedha huonekana ndani yake. Usihuzunike fungu la kwanza au la pili likiliwa na wazazi; ni jambo la kawaida kwa jozi changa. Katika nyuzi 27 mayai huanguliwa baada ya siku saba au nane, muda mfupi baada ya taa kuzimwa. Jioni hiyo hamisha chungu kwa bakuli lililojaa maji, mayai yasiguse hewa, hadi tangi la lita 20 hadi 40 lenye kuta zilizofunikwa kwa karatasi nyeusi na maji yaliyotoka kwa wazazi. Weka jiwe la hewa karibu na mayai ili mapovu yayapepee kama baba yao alivyokuwa akifanya kwa mapezi.

Asubuhi yake ongeza mwani mpaka maji yawe na kijani hafifu, na rotifa wafike kati ya watano na kumi kwa kila mililita. Kuwahesabu si kazi ngumu: vuta mililita moja kwa bomba la sindano, itazame mbele ya mwanga, uhesabu vidoa vinavyotembea. Mwanga wa tangi uwe hafifu, na usiweke chujio, kwa kuwa litawavuta vifaranga. Kwa hiyo amonia hupanda upesi. Ipime kila siku, nyonya uchafu wa chini kwa mrija mwembamba wa hewa, na rudisha maji mapya tone kwa tone.

Kuanzia siku ya sita hivi anza kuwapa artemia, yaani vijikamba vidogo sana vya maji ya chumvi, walioanguliwa saa chache zilizopita, wachache tu, huku rotifa wakiendelea kuwamo, maana kifaranga ambaye hajakua vya kutosha hawezi kummeza artemia. Kati ya siku ya nane na ya kumi na mbili mistari myeupe hutokea, nao huanza kushuka kuelekea chini na kwenye kuta. Hapo ndipo chujio la sifongo linapoweza kuwekwa na chakula kikavu kilichosagwa laini kuanza kuzoeshwa.

Wakihamishiwa tangi kubwa, waache wakae wengi pamoja, kwa sababu wakiwa wachache mmoja huwa mbabe na kuwauma wenzake, na ondoa wale wanaozidi kimo ili wadogo wapate kula. Mimi simpi mtu samaki aliye chini ya miezi mitatu, wala yule ambaye bado hakimbilii chakula kikavu kinapoanguka juu ya maji.