Batri imekufa na garanti haijaisha

SWALI. Jambo papa. Niko na Corolla ya zamani, nilinunua batri mpya ya ampea 60 hapa Bukavu, wakaniambia iko na garanti ya miezi 12 na fakture wakanipa. Sasa ni mwezi wa saba tu, asubuhi nikiwasha gari inafanya tak tak tak basi, mpaka vijana wa avenue waisukume, na unajua vilima vya kwetu Kadutu. Nikairudisha kwa aliyeniuzia, akaiangalia na macho tu, hakupima kitu, akasema "mama, hii mumeimaliza wenyewe, garanti haiingii hapo". Niseme ukweli, umeme ukikosekana watoto wanaitoa kwenye gari wanaiunga na konvertiseri, kile kifaa kinachogeuza umeme wa batri uwe kama wa nyumba, waangalie tele. Je, niko na haki ao pesa zangu zimeenda?
Mama wa Kadutu

JIBU. Mama, asante sana kusema ile ya tele, wengi wanaificha na sisi tunabaki kujibu upande mmoja.

Nianze na yule muuzaji, alikosea, na inaniuma kuona mama anarudishwa hivyo. Hakuna mtu anayejua hali ya batri kwa kuitazama. Batri iliyoisha umeme na batri iliyokufa ni vitu viwili, na ukitaka kuvitenganisha unaichaji polepole mpaka ijae kabisa, inalala usiku mzima bila kuungwa na kitu, asubuhi ndio unapima na multimeta. Ikitoa volti 12.6 ao zaidi kidogo imeshika vizuri, 12.2 ni nusu, 12.0 iko karibu tupu. Ndani ya lile boksi kuko vyumba 6, kila kimoja kinatoa volti 2 na kidogo, kwa hiyo kama umeichaji usiku mzima na bado inakuonyesha 10.5 ujue chumba kimoja kimekufa, na hapo Mama rudi dukani na fakture mkononi, usitoke mpaka wapime mbele ya macho yako. Ikionyesha 12.6 lakini ukiwasha gari inaanguka chini ya 9.6, hiyo pia haina nguvu, iwapo kose, vile vichwa vya nyaya vinavyoshika batri, ni safi na zimekazwa.

Sasa tele. Batri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, demareri, ile inayoamsha moteri, izunguke basi, kisha altenateri inairudishia umeme moteri ikizunguka. Sahani zake za risasi ni nyembamba. Tele inakula kidogo kidogo masaa mengi mpaka inaikausha, na ikibaki kavu siku mbili tatu zile sahani zinafunikwa na salfeti inayogeuka ngumu kama chumvi iliyoshikana, ukichaji haitoki tena yote. Garanti kwa kawaida inashika kosa la kiwanda, haishiki batri iliyokaushwa, iliyopasuka wala iliyochajiwa kupita kiasi. Kwa hiyo kama kipimo hakionyeshi chumba kilichokufa, ila imechoka tu yote, muuzaji atakuwa na neno, na mimi sitakudanganya. Ya nyumbani mununue batri ya sola, ile iliyotengenezwa kutumika polepole, na ya gari ibaki kwenye gari.

Lakini usikubali hata batri mpya ya bure mbele ya kupima gari yenyewe! Mimi nilibadilishiwa batri na garanti, nikafurahi, wiki tatu gari ikakataa tena. Usiku mmoja nikapita nyuma ya gari nikaona mwanga mwembamba kwenye mstari wa koferi, pale nyuma pa kuweka mizigo, kumbe taa ya ndani ilikuwa haizimiki hata ukifunga, inawaka usiku kucha, na mimi nilishagombana na mtu wa magazini bure, nilirudi kumuomba msamaha. Kwa hiyo washa moteri, pima kwenye batri: ukipata kati ya 13.8 na 14.5 altenateri inafanya kazi. Ikibaki 12 na kitu, angalia kwanza mukanda, kisha altenateri. Ikipita 15 inaichemsha batri, hata ulete mpya kila mwezi itakufa.

Na kama wanasema garanti ni karatasi tu, wakumbushe kuwa dekrete ya tarehe 30 mwezi wa saba 1888 juu ya mikataba, ambayo tunaitumia mpaka leo mu Congo, inamfunga muuzaji kwa kasoro zilizojificha ndani ya kitu alichouza, hata kama hakuzijua. Ongea nao kwa upole ila na namba za kipimo zimeandikwa.

SWALI. Mukubwa, mimi ni shofa hapa Goma. Batri yangu ilikufa mwezi wa nane, wakanipa ingine bila kulipa. Garanti inaanza upya?
Shofa wa Ndosho

JIBU. Mara nyingi hapana, ndugu. Inaendelea kuhesabu toka siku ulinunua ile ya kwanza, maana yake kama garanti ilikuwa ya miezi 12 umebakiwa na miezi 4, isipokuwa karatasi yao inasema tofauti. Waombe waandike namba ya batri mpya juu ya fakture ya zamani na wapige kashe, juu namba zisipofanana kesho watakuambia hii hatuijui. Angalia pia tarehe ya kutengenezwa, batri iliyokaa mwaka mzima kwenye etajere imeshaanza kuzeeka hata kama plastiki inang'aa. Pima palepale, ikiwa chini ya 12.4 omba ingine. Na barabara ya mawe ya volkano ya kwenu inatikisa sana, ile chuma inayoishika batri chini usiiache dukani kwa fundi kama wengi wanavyofanya, ikaze. Ukiitoa anza na kose ya −, ukiirudisha kose ya − iwe ya mwisho.