Shimo Kubwa la Kimberley: twende saa ngapi?

SWALI: Tutapita Kimberley, Afrika Kusini, mwezi Juni. Tufike saa ngapi tuyaone vizuri maji yaliyo ndani ya Shimo Kubwa?

JIBU: Kati ya saa sita na saa nane mchana. Shimo hili ni mgodi wa zamani wa almasi; lina upana wa mita 463 hivi, na kutoka ukingoni hadi majini ni kama mita 175. Asubuhi jua huwa chini, kuta hutupa kivuli na picha hutoka nyeusi. Juni jua hupita upande wa kaskazini, hivyo hata adhuhuri sehemu ya maji hubaki kivulini. Unapopiga picha, gusa sehemu inayoonyesha maji kwenye kioo cha simu ili mwanga ujirekebishe. Ukikuta wavu wa uzio, sogeza lenzi hadi kwenye tundu lake. Beba sweta, maana Juni huko ni majira ya baridi.